Ziko Mezani, Mwalimu

18 Novemba 2024, Mtinko

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuiona kompyuta kama chumba kimoja. Wanaingia na kutupa kila kitu hapo hapo: barua za kazi, picha za ubatizo, mitihani ya darasa. Na mfumo endeshi, ule unaoifanya mashine iamke asubuhi na kujua kuwa ni mashine, umo humo humo. Siku mfumo ukiugua, fundi anaitwa kupiga windo upya, yaani kuweka mfumo mpya. Anafagia chumba, na kila kilichokuwemo kinatoka na taka.

Wazee wetu hawakuchanganya mambo hayo. Nyumba ya tembe ikilowa na kubomoka ilijengwa upya, na mtama ulibaki kwenye kihenge chake bila kuguswa. Kompyuta nayo inaweza kugawanywa hivyo. Diski ni ile ile moja, tunachoongeza ni ukuta. Upande wa C ni nyumba ya mfumo, upande wa D ni kihenge cha mwenye mali. Wataalamu wanauita mgawanyo huo kizigeu. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waseme "upande", inatosha.

Nimeanza shajara hii leo kama ninavyofanya kila masika. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na minne, na tangu nistaafu nafundisha kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, mashine nne, kwa walimu wa shule za msingi na yeyote anayetaka. Mwaka huu nitaandika humu yale ninayofundisha, ili mwishoni yawe kijitabu.

Bado hakuna wingu.

21 Novemba

Joto. Theresia mke wangu anasema kuku wamegoma kutaga kwa ajili ya hotuba zangu.

27 Novemba

Mvua ya kwanza, na radi. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Jioni Hanifa alinijia na kompyuta ya baba yake imefungwa kwenye kanga. Haiwaki. Yaani inawaka, inazunguka, inazima.

Baba yake ni Mselemu, jirani yangu, ambaye Mtinko nzima inamwita Bwana Shamba ingawa alistaafu kabla yangu. Tangu Januari 2002 ana kipimamvua uani kwake, kile cha shaba chenye mdomo wa faneli, na kila siku saa tatu kamili asubuhi mvua ya jana humiminwa kwenye gilasi yenye mistari, husomwa, huandikwa. Hajakosa siku. Alipougua alisomewa, akaandika akiwa kitandani. Madaftari ishirini na mawili, moja kwa kila mwaka, na la ishirini na tatu linaendelea. Wakulima wa hapa hawapandi alizeti bila kupita kwake kuuliza.

Sasa macho yamefunga ukungu. Hanifa, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika Manyoni, ndiye amekuwa akisoma gilasi. Na kwa muda wa mwaka mzima, kila alasiri, amekuwa akiyanakili madaftari yale kwenye kompyuta, faili moja kwa kila mwaka. Alimaliza mwezi uliopita. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Nilijisikia fahari.

28 Novemba

Mfumo umekufa kabisa, hakuna njia ila kupiga windo. Kabla ya kufanya hivyo fundi mwenye adabu huuliza. Nilimpigia Hanifa. Mtandao ulikuwa unakatakata.

"Kumbukumbu za mvua za mzee ziko salama?"

"Ziko mezani, Mwalimu."

Vizuri. Nikachungulia upande wa D, nikakuta picha za harusi na visomo vya Kurani, nikaviacha palepale. Nikafomati C, nikaweka mfumo mpya. Kabla ya ugali wa mchana nilikuwa nimemaliza. Hivi ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi nyumba ikiwa na kihenge.

29 Novemba

Hanifa, aliyeichukua mashine jana jioni, alirudi nayo saa nne asubuhi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Inakwenda?"

"Inakwenda vizuri. Lakini meza iko tupu."

"Meza gani?"

"Hii hapa." Akaifungua kompyuta, akaweka kidole katikati ya kioo, mahali pa kuonea zile picha ndogo za mafaili mashine inapowaka. Desktop. "Zilikuwa hapa. Ishirini na mbili, nimezipanga mistari miwili."

Niliposikia "mezani" jana niliiona meza ya sebuleni kwao, ile yenye kitambaa cha nailoni chenye picha za mananasi, na madaftari yamelundikwa juu yake, ya kunakilia upya mafaili yakipotea. Ndivyo nilivyoona, kwa uhakika wa mtu aliyekuwa anatazama. Nilimwuliza kwa sauti ya chini:

"Na madaftari?"

"Baba alimpa Amne."

Amne anauza karanga penye gulio. Huzikaanga na kuzifunga kwenye karatasi zilizosokotwa. Siku Hanifa alipomaliza kunakili, Bwana Shamba alifurahi mno, akasema madaftari sasa ni chakula cha mchwa tu, akampa Amne katoni nzima. Aliyemwambia kwamba mchwa hawali kompyuta ni mimi. Desktop, iwapo kuna asiyejua, inaonekana kama mahali pa peke yake lakini imo ndani ya C. Ni sebule ya nyumba ile ile niliyoifagia.

Nilihangaika mpaka alasiri. Niliweka programu ya kutafuta mafaili yaliyopotea, nikaiendesha, ikaniletea vipande visivyosomeka. Kisha tulikwenda kwa Mselemu. Alikuwa ameketi kizingitini, uso ameuelekeza kwenye vishindo vya miguu yetu.

"Mwalimu, nasikia mvua yangu imepotea."

"Imepotea, Bwana Shamba."

"Miaka yote?"

"Yote."

"Kosa la nani?"

Nimeyaandika maneno yangu hapa kama nilivyoyasema, nisije nikayabadilisha baadaye. Nilisema: "Hakuziweka D."

Ni kweli. Hakuna neno la uongo ndani yake. Hanifa aliniangalia mara moja, kisha akatazama sakafu. Mselemu akasema, hata si kwa hasira, "Huyu hashiki kitu kikakaa. Ndoa, haikukaa. Na hiki."

Niliaga.

2 Desemba

Mvua: milimita 11.

Naandika kipimo kwa sababu sasa nakisoma mimi. Asubuhi Mselemu alimtuma mtu aniite. Nilipofika alinikabidhi gilasi ile kwa mikono miwili. Hanifa alikuwa anafua, ametugeuzia mgongo.

"Kuanzia leo nisomee wewe," alisema. "Nimemtoa huyu. Wewe ni mtu wa kupanga mambo."

Ningeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya kutosha kati ya neno lake na langu. Niliinama nikamimina.

3 Desemba

Milimita 4.

4 Desemba

Hakuna. Hata pakiwa hakuna, lazima uende, umimine hewa, uandike sifuri. Mselemu ni mkali juu ya sifuri kuliko juu ya mvua. Anasema asiyeandika sifuri atakuja kudhani siku hiyo haikuwepo.

9 Desemba

Milimita 27. Watu wanapanda mtama.

Nimejipangia maelezo, na nayaandika ili niyaone. Kwanza, niliuliza. Pili, alijibu isivyo sahihi: nani anaita Desktop meza? Tatu, nimefundisha miaka yote kwamba kazi zinakaa D. Mwanafunzi asiyefuata maagizo anavuna alichopanda. Nimeyasoma maelezo haya mara mbili. Yanasimama vizuri. Sijui kwa nini nikifika getini kwa Mselemu yanaanguka.

16 Desemba

Milimita 8. Wakulima wawili kutoka upande wa Mudida walikuja nikiwa uani nasoma. Walitaka kujua kama mvua hii iliyowahi ni ile inayokatika Januari. Zamani Mselemu angesema "nileteeni mwaka elfu mbili na sita", Hanifa angesoma, naye angewapa jibu. Leo alisema, "Sina cha kuwaambia. Nina daftari la mwaka huu tu, na wiki mbili za mwisho ni za Mwalimu."

Waliondoka wakinishukuru mimi.

25 Desemba

Milimita 19. Krismasi. Mselemu ametuletea jogoo, kama afanyavyo kila mwaka. Aliyemleta ni Hanifa.

"Baba anasema heri ya sikukuu. Anasema huyu ni wa mtu anayetembea kwenye matope kila asubuhi kwa ajili yake."

Theresia alimkaribisha chai akakataa. Jogoo alikuwa mnene. Nilikula kipande kimoja, nikasingizia tumbo.

26 Desemba

Milimita 2.

3 Januari 2025

Hakuna.

4 Januari

Hakuna.

5 Januari

Hakuna. Upepo.

8 Januari

Hakuna mvua, na leo nimejifumania mwenyewe.

Darasa jipya lilianza, walimu watano. Mmoja, mwanamama wa makamo, aliuliza: "Mwalimu, hii Desktop kwa Kiswahili ni nini?" Nikamwambia nitaangalia katika maandalio yangu ya zamani, maana najua niliwahi kulieleza. Jioni nilitoa bahasha ya mwaka 2019, mwaka niliomfundisha Hanifa. Karatasi ya tatu, kwa mwandiko wangu, herufi kubwa nilizokuwa nikinakili ubaoni:

DESKTOP NI MEZA. KAZI YAKO USIIFICHE, IWEKE MEZANI UIONE KILA SIKU.

Habari za D hazimo katika bahasha ile. Nilianza kuzifundisha 2021, baada ya mimi mwenyewe kupoteza picha za mazishi ya kaka yangu. Wa kabla ya hapo sikuwaita tena kuwasahihisha. Ningewaitaje, ningesema nini, kwamba Mwalimu alikosea?

Kwa hiyo hakuna mwanafunzi aliyeasi. Alikaa mwaka mzima akiandika mvua ya baba yake na kuiweka mahali nilipomwambia aiweke. Nilipomwuliza iko wapi, alinijibu kwa neno langu, na mimi nilikuwa nimelisahau.

Nimeyafuta maelezo ya tarehe 9 Desemba kichwani. Hapa nimeyaacha, yabaki kama sifuri za Mselemu.

9 Januari

Hakuna. Nilikwenda kusoma nimedhamiria kusema. Mselemu alikuwa na mgeni.

10 Januari

Hakuna. Hakuwa na mgeni.

14 Januari

Milimita 6. Nilipita penye gulio, nikanunua karanga nikiwa nafikiria mengine. Nilipofika nusu ya kifungu niliona tarakimu. Nikaikunjua karatasi kwenye goti. "Machi 2009. Tarehe 14: 23.0. Tarehe 15: 0. Tarehe 16: 0. Tarehe 17: 5.5, mawe kidogo." Mwandiko wa Mselemu akiwa na macho yake, ule mwembamba unaolala kulia. Palikuwa na doa la mafuta juu ya tarehe 20.

Nilirudi kwa Amne mbio, kwa kadiri ya magoti haya.

"Shikamoo Mwalimu. Zimekwisha mara hii?"

"Marahaba. Nipe vifungu vingine. Hicho. Hapana, hicho cha chini."

"Karanga ni zile zile, Mwalimu."

"Najua. Nataka nione karatasi."

Aliweka kijiko chini. "Kwani unanunua karanga au unanunua mfuko?"

Wanawake wa jirani walicheka, nami nikacheka nao, Mungu anisamehe. Nikamwuliza kama katoni ya Bwana Shamba bado ipo. Akasema mengi ameshayachana, yaliyobaki yako uvunguni nyumbani kwake. Nikamwambia nampelekea magazeti marefu, mazuri, badala yake. Hakuuliza sababu. Madaftari saba mazima: 2002 hadi 2007, na 2011. Nimeyafunga kwenye shuka, yako juu ya kabati langu.

22 Januari

Milimita 31. Nina karatasi za vifungu kumi na tisa. Theresia alizikuta zimeanikwa kwenye kamba chumbani.

"Baba Gerald, na meno hayo yaliyobaki, karanga za nini kila siku?"

Nikamwambia ni za utafiti. Alinitazama kama anavyotazama mbuzi anayekohoa.

30 Januari

Milimita 13. Alizeti zimeota, kijani mpaka bondeni. Mawazo yangu sasa ni haya: nikirudisha mvua yote, hapatakuwa na kosa la kuungama. Mtu akirudisha alichovunja, nani atauliza kilivunjika vipi? Naandika hivi nikijua kwamba ni mawazo ya mtoto wa darasa la nne. Lakini yananifikisha mpaka asubuhi.

11 Februari

Hakuna. Nilikwenda Singida mjini na kompyuta ya Mselemu. Niliwaambia naipeleka kusafishwa vumbi. Huko kuna fundi anaitwa Luqmani, duka lake liko nyuma ya msikiti, kijana mwenye ndevu za kuhesabika na heshima nyingi. Alitoa diski nje, akaiunganisha kwenye mashine yake kwa waya, aisome bila kuandika chochote juu yake. Ndivyo inavyotakiwa. Niliketi kwenye stuli.

"Shehe wangu mzee," alisema baada ya saa moja, "nani alipiga windo hapa?"

"Fundi mmoja wa kijijini."

"Hakuuliza vitu viko wapi?"

"Aliuliza."

"Akajibiwa nini?"

"Alijibiwa vizuri. Hakuelewa."

Luqmani alitikisa kichwa. "Na baada ya hapo akaweka programu ya kutafutia kwenye C ile ile. Hii sasa ndiyo imeua. Unajua, mzee, faili likifutwa huwa halijaondoka. Kinachofutwa ni jina lake kwenye orodha. Lenyewe limelala pale mpaka kije kitu kingine kilale juu yake. Kwa hiyo ukipoteza kitu unazima mashine, huigusi. Huyu alidondosha sindano kwenye unga, akaitafuta huku anaongeza unga."

Yote hayo nayajua. Nimeyafundisha.

"Na hiyo D yenu," aliendelea, "ni nzuri, lakini watu wanaiamini kupita kiasi. Diski ikifa, C na D zinakufa pamoja, ukuta hausaidii. Lazima nakala nyingine ikae nje, kwenye flashi, nyumba nyingine kabisa. Mwambie huyo fundi."

"Nitamwambia."

Aliokoa mafaili matano: 2007, 2011, 2014, 2015, 2016. Mawili nilikuwa nayo kwenye madaftari. Nilipiga hesabu ndani ya gari wakati wa kurudi: miaka kumi mizima kati ya ishirini na miwili, na vipande vya mingine. Zaidi ya hapo haitarudi. Kwa hiyo na njia yangu ya kutoroka imefungwa.

20 Februari

Milimita 9. Nimemwambia Theresia. Yote, tangu "ziko mezani". Alikuwa anapepeta uwele. Hakusimama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umeniambia mimi. Mimi sikupoteza mvua."

Akaendelea kupepeta.

27 Februari

Milimita 3. Mselemu ameniambia, kama habari ya kawaida, kwamba Hanifa anaondoka baada ya Idi. Shangazi yake ana mgahawa Mkiwa, pale njia panda, atamsaidia kupika. "Ni bora," alisema. "Hapa kila mtu anamjua kwa alichopoteza."

"Ametaka mwenyewe?"

"Nimemtafutia mimi."

2 Machi

Milimita 16. Mfungo umeanza.

5 Machi

Hakuna.

9 Machi

Milimita 2. Alizeti zimechanua na zote zimeelekea nyumbani kwa Mselemu, au ni mimi.

12 Machi

Hakuna. Nilifika getini, nikasoma, nikaandika, nikarudi. Mara mia moja na moja nimekwishafanya hivyo.

19 Machi

Milimita 41. Mvua kubwa kuliko zote za msimu huu.

Nilifika saa tatu kasorobo. Uwanja ulikuwa umejaa maji, na Mselemu amewekewa kigoda kwenye baraza, midomo imekauka kwa funga. Hanifa alikuwa anachota maji ya mvua kwenye pipa. Nilimimina. Gilasi ilijaa mara ya kwanza, nikaandika kiganjani, nikamimina mara ya pili.

"Arobaini na moja," nilisema.

"Maashallah. Andika."

Sikuandika. Niliimwaga gilasi, nikaiweka chini karibu na miguu yake, nikavua kofia. Nilimwita Hanifa asogee. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Mwishowe nilisema hivi:

"Bwana Shamba, mvua yako niliifuta mimi. Hanifa aliniambia iko wapi. Alisema iko mezani. Meza ni jina nililompa mimi darasani, lile la kioo cha kompyuta. Nikalisahau. Nikadhani anasema madaftari. Sikumwuliza mara ya pili. Uliponiuliza kosa la nani, nikasema hakuziweka D. Hakuziweka D kwa sababu sikuwahi kumfundisha D."

Niliendelea. Nikamweleza habari za Amne, za Luqmani, za miaka kumi. Nikamkabidhi ule mzigo wa shuka. Aliupapasa, akatoa daftari moja, akalinusa.

"Linanuka karanga," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Kwamba nimefuta, siku ile ile. Kwamba neno ni langu, tarehe nane Januari."

"Januari." Alihesabu kwa vidole, kama mtu anayehesabu miezi ya mimba. "Na kila asubuhi unakuja hapa. Unashika gilasi ya mtoto wangu. Mimi nakuombea dua. Nawaambia watu, Mwalimu ndiye macho yangu."

"Ndiyo, Bwana Shamba."

"Mafaili yangu unaweza kuwa uliyafuta kwa bahati mbaya. Haya mengine ya kila asubuhi, hayakuwa ya bahati mbaya."

Akageuza uso upande alikodhani Hanifa yupo. Alikosea kidogo, Hanifa akasogea ili baba asiwe amekosea.

"Hanifa, mama. Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Kwa nini hukusema?"

Aliipangusa mikono kwenye kanga. "Ningesema nini? Kwamba Mwalimu anasema uongo? Hakuwa amesema uongo. Ningesimama hapa nibishane na mtu mzima mbele yako, na wewe ulikuwa umeshanihukumu kabla sijafungua mdomo. Ulitaja mpaka ndoa yangu."

Mselemu aliinamisha kichwa. Nimemjua miaka arobaini, sijawahi kumwona akiinamisha kichwa. Alipapasa chini mpaka akaipata gilasi, akainyoosha kwa Hanifa kwa mikono miwili, vile vile alivyoninyooshea mimi Desemba.

"Nimekukosea," alimwambia. "Soma."

"Imeshamwagwa, baba."

"Basi Mwalimu amesema ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Unamwamini?"

Hanifa alinitazama muda mrefu. "Kwa mvua, namwamini."

Akaandika. Kisha Mselemu akaniambia mimi, kwa upole, na upole wake ndio uliouma: "Kuanzia leo usiguse kipimo changu."

20 Machi

Sijui.

Saa tatu ilinikuta nimesimama mlangoni mwangu, kofia mkononi. Theresia alinipa jembe nikapalilie.

31 Machi

Idi. Miaka yote sinia la pilau hutoka kwa Mselemu kabla ya saa saba. Tulikaa mpaka saa tisa. Theresia akapika ugali na mlenda, nami nilikula vizuri. Kulikuwa na haki ndani yake.

4 Aprili

Niliandika barua kwa wanafunzi wangu wa 2018 hadi 2020, wale niliokuwa na namba zao, thelathini na mmoja. Niliwaambia: nilichowafundisha kuhusu meza kilikuwa makosa, na kosa langu limekwisha kumpotezea mtu kazi ya miaka ishirini na miwili. Kumi na wanne wamejibu. Mmoja, yuko Issuna, kapoteza mitihani yake yote mwaka jana na alidhani ni mkosi. Mwingine kaandika tu: "Poa ticha." Nimezisoma zote kwa sauti mbele ya mke wangu, ambaye hakuniomba nifanye hivyo.

9 Aprili

Hanifa amekuja. Hakwenda Mkiwa. Shangazi yake anamlaumu hadharani, anasema sufuria zinamngoja. Alileta kompyuta kwenye kanga ile ile, na mzigo wa shuka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mama. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Anasema hajakuita." Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Nami nimesema nakuja mwenyewe. Hiyo D yako nionyeshe. Lakini usishike wewe. Nishike mimi."

Niliketi juu ya mikono yangu. Aliandika mwenyewe, akafungua mwenyewe, akatengeneza folda upande wa D akaiita MVUA. Nilimweleza, naye alinikatiza mara tatu kuuliza nina maana gani, na kila mara alikuwa na haki. Tuliihamisha hata meza yenyewe: Desktop ina mahali pa kuiambia ikae wapi, tukaiambia ikae D, ili hata mkono ukisahau, faili lisisahau. Halafu akanakili yote kwenye flashi, akaining'iniza shingoni kwa uzi, ndani ya nguo.

"Hii italala kwa Amne," alisema. "Uvungu wake umethibitika."

Alipofika mlangoni aligeuka. Jana milimita saba, akaniambia. Sikuwa nimeuliza.

Baada ya kuondoka nilibandua tangazo la zamani ukutani, lenye maelezo ya nyumba na kihenge na aya sita za historia, nikabandika karatasi yenye mstari mmoja. Nimeunakili hapa, na kijitabu changu kitakuwa huo tu:

Leo, kabla hujazima mashine, fungua Desktop, kata kila faili lililo lako, ulibandike D.